Sentimita Moja Iliyozidi

Duka la Fundi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo kirefu, na kamba ya kutundikia nguo za wateja. Kila asubuhi, watoto wakiwa bado wanatafuta soksi, mlango wa duka ulishafunguliwa na cherehani ilishaanza kunguruma.

Fundi alikuwa mtu wa kazi safi. Koti lililotoka mkononi mwake lilimkaa mtu kama ngozi yake mwenyewe. Wateja walitoka mitaa ya mbali kumfuata, na wengine walikubali kungoja wiki nzima.

Mke wake alifanya kazi kwenye tanuri la mikate. Aliondoka alfajiri, akarudi mchana na unga viwikoni. Walikuwa na watoto wawili. Binti yao wa kwanza, wa darasa la sita, aliitwa Kifungo. Alipokuwa mdogo alilala na vifungo vya koti kiganjani, kama mtoto mwingine anavyolala na mwanasesere. Jina likamganda. Mdogo wake, wa darasa la tano, aliitwa Kasuku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Asubuhi moja aliingia dereva wa lori, mtu mnene mwenye maneno mengi. Alitaka suruali mpya.

"Simama wima," Fundi akamwambia. "Na usivute tumbo."

"Sijalivuta. Ndivyo lilivyo."

"Dereva, tumbo hili nalipima mwaka wa nane. Liachie."

Dereva akaliachia. Kifungo akaziba mdomo asicheke. Yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wa baba yake kabla ya kwenda shule. Fundi alishika mwanzo wa utepe wa kupimia, Kifungo akasoma mwisho wake.

"Mia moja na tisa!" akasema Kifungo kwa sauti.

Fundi alichezesha midomo kidogo, kisha akaandika namba kwa chaki kwenye kitambaa. Kifungo hakutazama alichoandika. Alikuwa ameshaanza kuukunja utepe ule. Ulikuwa utepe mkongwe, na ncha yake ya mwanzo ilikuwa imeungua kwa pasi zamani sana.

"Mtoto huyu ana jicho," dereva akasema. "Atakuwa mhandisi, Fundi. Nakwambia leo."

Fundi alitabasamu. Halafu tabasamu likakatika. Alikuwa amekumbuka ripoti ya shule.

Ripoti ile ilikuwa imekuja mwisho wa muhula uliopita. Upande wa hisabati iliandikwa hivi: alama 31, nafasi ya 40 kati ya wanafunzi 46. Chini yake palikuwa na maneno mawili: Aongeze bidii. Basi. Hapakuwa na kingine.

Na shule ilikuwa na kanuni yake. Mwanafunzi wa darasa la sita akishindwa kufikisha alama arobaini za hisabati mwishoni mwa mwaka, haendi darasa la saba. Anarudia. Mpaka mwisho wa mwaka ulikuwa umebaki muhula mmoja.

Kasuku alikuwa amelipigia hesabu jambo hilo mapema.

"Dada, ukirudia, mimi nitakuwa nimeingia la sita," alimwambia wakila. "Tutakaa dawati moja. Utaniazima rula."

"Nyamaza wewe," mama akamwambia.

"Lakini si kweli, mama? Nitakuwa namwamsha akisinzia."

Kifungo aliweka kijiko chini. Hakulia. Alikuwa mtoto wa kunyamaza. Lakini tangu siku hiyo aliacha kutembea na mdogo wake kwenda shule. Alitangulia mbele, peke yake, kichwa chini.

Fundi hakuwa baba wa kukaa mikono mifukoni. Ripoti ilisema bidii, naye akaleta bidii. Kila alfajiri alimwamsha Kifungo na kumwambia aseme jedwali la kuzidisha, kuanzia la mbili hadi la kumi na mbili. Kifungo alilisema lote bila kukosea. Kesho yake akalisema tena. Keshokutwa tena.

"Baba watoto," mke wake alimwambia siku moja, "mbona mtoto anayajua hayo yote?"

"Angekuwa anayajua angepata thelathini na moja?"

"Sasa wewe umemsikia akikosea?"

Kusema kweli, Fundi hakuwahi kumsikia. Lakini ripoti ilisema bidii, na yeye alikuwa hajui bidii hiyo iwekwe wapi.

Mwanzoni mwa muhula huo wa mwisho, mwalimu mpya wa hisabati alifika shuleni. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Haukupita mwezi wanafunzi wakawa wamempa jina. Walimwita Mwalimu Kwa Nini.

"Ukikosa anakuuliza kwa nini," Kasuku alieleza nyumbani, ingawa hakuwa wa darasa lake. "Ukipata, anakuuliza kwa nini. Ukimwambia una kiu, utakufa kiu ukijieleza."

Mwalimu huyu alikuwa na desturi ambayo shule ile haikuwahi kuiona. Kila Ijumaa, kabla ya kengele ya mwisho, alisimama mlangoni. Kila mwanafunzi alijibu swali moja tu kwenye kipande cha karatasi, akamkabidhi, ndipo akatoka. Wanafunzi waliliita swali la mlangoni. Halikuwa na alama wala nafasi. Baada ya hapo mwalimu alikaa peke yake darasani, akayagawa majibu mafungu matatu: walioelewa, walioelewa nusu, na wasioelewa bado. Jumatatu alianza somo na wale wa fungu la tatu, aliowaita mbele kuzunguka meza yake.

Kwa njia hiyo, kijana mmoja aligundulika kuwa haoni ubao vizuri. Akahamishiwa mbele, na majibu yake yakanyooka. Mwaka mzima alikuwa akiitwa mzembe.

Msomaji, tazama jambo hilo. Mtihani unaweza kumwambia mtoto, "Wewe ni wa arobaini," halafu ukamwacha hapo hapo alipo. Unaweza pia kumwambia mwalimu, "Mtoto huyu amekwama mahali fulani, njoo umsaidie." Karatasi ni ile ile na kalamu ni ile ile. Tofauti iko kwa anayeisoma.

Mwalimu Kwa Nini alikuwa msomaji hodari. Alitoa kabatini karatasi za mtihani wa muhula uliopita, akazisoma upya moja moja. Mtihani ule ulikuwa zaidi wa vipimo: kupima mistari, kuchora mistari, kutafuta mzunguko na eneo la maumbo. Alipofika kwenye karatasi ya Kifungo, alivaa miwani yake vizuri.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa sentimita sita. Kifungo aliandika saba. Wa pili ulikuwa wa nne. Aliandika tano. Wa tatu kumi na moja. Aliandika kumi na mbili. Umbo la mstatili lenye urefu wa sita na upana wa nne, yeye alilipa saba na tano. Halafu akajumlisha pande zote vizuri kabisa, akapata mzunguko wa ishirini na nne badala ya ishirini. Akazidisha vizuri kabisa, akapata eneo la thelathini na tano badala ya ishirini na nne. Kila jibu lilipigwa mkasi mwekundu wa kosa. Mwalimu aliyetangulia alikuwa na madarasa manne ya kusahihisha, akawa anatazama jibu la mwisho tu.

"Asiyejua hakosei hivi," Mwalimu Kwa Nini alijisemea. "Anayekisia leo anazidisha, kesho anapunguza. Huyu amekosea kwa mstari ulionyooka."

Jumatatu akamwita Kifungo mezani.

"Nipimie kalamu hii."

"Mwalimu, mimi vipimo sivijui."

"Nani kasema?"

"Ripoti."

"Ripoti haijaniambia hivyo. Imeniambia thelathini na moja, ikanyamaza. Nipimie, na kila unachokifanya ukiseme kwa sauti. Taratibu."

Kifungo alishika rula. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Naweka rula pembeni ya kalamu. Nashika isicheze. Ncha ya kalamu naiweka kwenye moja..."

"Kwa nini kwenye moja?"

Kifungo alimtazama mwalimu kama mtu aliyeulizwa kwa nini tunatembea kwa miguu.

"Si ndiyo namba ya kwanza, mwalimu? Tukihesabu tunaanza na moja. Na baba yangu huanzia kwenye moja. Yeye ni fundi cherehani."

Mwalimu hakucheka, wala hakusema, "Umekosea." Aliinuka, akamsimamisha Kifungo kwenye ufa wa sakafu, karibu na mlango.

"Simama hapo. Umeshapiga hatua ngapi?"

"Sijapiga."

"Yaani ngapi?"

"Sifuri."

"Piga moja. Sasa?"

"Moja."

"Endelea mpaka ukutani, unahesabu."

Kifungo alihesabu hatua saba.

"Sasa rudi kwenye ufa. Safari hii, kabla hujainua mguu, ukiwa umesimama tu, sema 'moja.' Halafu uendelee kuhesabu."

Kifungo alisema "moja" akiwa amesimama, akaenda. Alipogusa ukuta alikuwa amefika nane. Alibaki ameshika ukuta. Aligeuka polepole.

"Mwalimu, ukuta haujasogea."

"Haujasogea."

"Ile moja ya kusimama si hatua. Ni pa kuanzia tu. Pa kuanzia ni sifuri!" Alikimbilia mezani, akachukua rula, akaitazama kama hajawahi kuiona. "Ipo hapa! Sifuri ipo hapa siku zote!"

Alipima kalamu upya, akapima daftari, akapima kidole cha mwalimu. Halafu akasita. Paji lake likakunjana.

"Lakini mwalimu, kama kuanzia moja ni kosa, mbona nguo za baba hazipwayi?"

Mwalimu alivua miwani. Uso wote ulikuwa umemng'aa.

"Hilo sasa ndilo swali," akasema. "Mimi jibu lake silijui. Tutamwuliza mwenyewe."

Wiki iliyofuata wazazi waliitwa shuleni. Mwalimu Kwa Nini hakutaka kungoja mwisho wa mwaka ndipo atoe ripoti. Alimwambia mkuu wa shule kwamba ripoti inayokuja baada ya mambo kwisha ni kama daktari anayefika msibani. Mkuu alikuna kidevu.

"Wazazi wanataka namba, mwalimu."

"Namba watapewa. Ila nataka warudi nyumbani wakijua la kufanya."

"Na mtoto naye unamketisha hapo hapo?"

"Si ndiye mwenye masomo?"

Mkuu akakubali, ingawa kwa shingo upande.

Fundi alikuja na koti lake la mikutano. Mkewe alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na alinukia mkate. Walikaa kwenye viti vidogo vya wanafunzi, magoti yakiwa karibu na kidevu. Kifungo alikaa kati yao. Mwalimu akawapa ripoti mpya. Fundi aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Samahani, mwalimu. Ni wa ngapi?"

"Baba Kifungo, namba ipo huko chini. Naomba tuanzie juu. Kifungo, wasomee wazazi."

Kifungo alisimama. Alisoma kwa woga mwanzoni. "Anayoyaweza: kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya. Anajua njia ya kutafuta mzunguko na eneo. Anapima kwa mkono uliotulia. Alipokwama: alikuwa akianza kupima kwenye alama ya moja badala ya sifuri. Shuleni: atapima na kuchora kila siku kwa dakika chache, mwalimu akimwangalia. Nyumbani..." Akainua macho. "Nyumbani pameachwa wazi."

"Pameachwa kwa sababu sehemu hiyo tutaijaza pamoja," mwalimu akasema. Akawaeleza yote: majibu yaliyozidi moja, kalamu, hatua za kwenda ukutani.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka ripoti magotini. Alikuwa amekaza uso.

"Kwa hiyo mwalimu unaniambia mimi ndiye niliyemfelisha mwanangu."

"Hapana, baba. Wewe ndiye uliyemfundisha kupima. Nina watoto humu hawajui hata kushika rula. Huyu anashika kama fundi, na hiyo haikutoka kwangu. Nina swali moja tu, na nimelipata kwake. Ukianzia kwenye moja, nguo zako zinawakaaje watu?"

Fundi alitazama mikono yake.

"Utepe wangu ulichomwa na pasi," akasema. "Ncha ile iliungua. Basi naanzia kwenye moja, halafu naitoa."

"Unaitoa wapi?" mkewe akauliza.

"Kichwani. Kifungo akisoma mia moja na tisa, mimi naandika mia moja na nane."

Kifungo akaruka kitini.

"Baba! Kumbe ulikuwa unatoa moja!"

"Kila siku natoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, nilidhani unajua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba natoa. Mkono umezoea, kichwa kimezoea."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Miaka yote hii! Mtoto anasoma namba moja, baba anaandika nyingine, na wote wawili wanajiona wako sawa!" Mwalimu naye akacheka, na mwisho Fundi akashindwa kujizuia.

Alipotulia, alichukua tena ripoti, akaisoma mwenyewe kutoka juu, akifuata mistari kwa kidole.

"Mwalimu, ngoja nikuambie kitu cha kazini kwangu," akasema. "Mteja akinirudishia suruali akaniambia, 'Fundi, suruali hii ni thelathini na moja kati ya mia,' nitafanya nini? Nitaitazama tu. Lakini akiniambia, 'Inabana hapa pajani,' nafumua mshono mmoja na kazi imekwisha. Ile ripoti ya kwanza ilinipa namba. Nikawa nafumua suruali nzima kila alfajiri."

"Jedwali la kuzidisha," Kifungo akasema taratibu.

"Jedwali la kuzidisha," Fundi akakubali. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuamsha bure."

Mwalimu alishika kalamu. "Basi tuandike nini hapa kwenye nyumbani?"

Kifungo ndiye aliyejibu. "Baba akipima, aseme kwa sauti anachofanya kichwani."

Ikaandikwa hivyo hivyo.

Nyumba ya Fundi ikabadilika sauti. Mtu aliyepima kimya miaka mingi sasa alizungumza na utepe wake. Siku dereva wa lori alipokuja kuongeza suruali ya pili, Kifungo alisoma mwisho wa utepe, "Mia moja na tisa!" na Fundi akasema kwa sauti, "Naanzia moja, natoa moja, mia moja na nane!"

Dereva aligeuka kwa furaha. "Nimepungua?"

"Hujapungua, dereva."

"Wewe umesema mwenyewe mia na nane! Mara ya mwisho ilikuwa mia na tisa. Nilimwambia mke wangu chai bila sukari inafanya kazi!"

Hakuna aliyeweza kumtoa kwenye furaha yake, nao hawakujaribu sana.

Mama alipanua kazi. Alileta kitambaa cha meza na kumwambia Kifungo atafute urefu wa lesi ya kuzungushia pembeni. Hapo Kifungo alielewa mzunguko kwa vidole vyake: ni lesi. Na eneo ni kitambaa chenyewe. Kasuku alijiingiza, akakosea, akasema kitambaa ndicho kibaya, akafundishwa na dada yake. Asubuhi iliyofuata walionekana wakitembea pamoja kwenda shule, Kasuku akipima barabara kwa hatua na kuanzia sifuri kwa sauti kubwa.

Hata hivyo mambo hayakunyooka kwa siku moja. Majuma mawili kabla ya mtihani wa mwisho, mwalimu alitoa jaribio dogo. Kifungo alianza vizuri. Katikati aliona wenzake wanageuza ukurasa wa pili, naye akaingiwa na haraka. Maswali matatu ya mwisho yote yalizidi moja.

Alirudi nyumbani akaitupa karatasi juu ya meza ya kukatia. "Mimi ni wa kurudia tu," akasema, akajifungia chumbani.

Fundi aliiokota ile karatasi. Zamani angetazama alama tu. Sasa alisoma maneno ya mwalimu pembeni: Kichwa kimeshajua. Mkono bado una haraka ya zamani. Tafuta njia yako mwenyewe ya kuusimamisha.

Alibisha mlango wa chumba.

"Kifungo. Mwalimu amesema kichwa kimeshajua."

"Mkono haujui."

"Mkono wangu ulichukua muda gani kuzoea kutoa moja? Mwingi. Basi na wako tuupe muda. Kabla sijakata kitambaa, mimi nafanya nini?"

Sauti ndogo ikatoka ndani: "Unaweka alama ya chaki."

"Basi."

Mlango ukafunguliwa. Jioni ile Kifungo alibuni njia yake. Kabla ya kupima mstari wowote, aliweka nukta ndogo ya penseli pale mstari unapoanzia, akaigusanisha na sifuri, ndipo akasoma. Ilimchelewesha kidogo tu. Alijaribu kwenye mistari ya gazeti, kwenye madirisha yaliyochorwa na Kasuku, kwenye kila kitu kilichonyooka. Kesho yake alimwonyesha mwalimu. Mwalimu akaita darasa zima lije kuona, na akasema njia hiyo imebuniwa na Kifungo. Watoto kadhaa wakaanza kuitumia. Kumbe hata wao walikuwa wakianzia moja, na wala baba zao hawakuwa mafundi cherehani.

Siku ya kutoa matokeo, mkuu wa shule mwenyewe alikaa na Mwalimu Kwa Nini. Kanuni ya alama arobaini ilikuwa bado ipo. Wazazi waliingia mmoja mmoja na watoto wao. Fundi, mkewe na Kifungo walipoketi, mama alishika mkono wa binti yake.

Mkuu alifungua ripoti.

"Hisabati," akasema, "sabini na mbili."

Mama alivuta pumzi kwa nguvu. Fundi alifumba macho, akayafumbua.

"Binti yenu anakwenda darasa la saba," mkuu akaendelea. "Na niseme jambo. Nimefundisha miaka mingi. Nilizoea kuona ripoti kama mwisho wa safari. Mwaka huu mwalimu huyu amenifanya niisome kama ramani. Mwakani madarasa yote yatakuwa na swali la mlangoni, na mikutano ya katikati ya muhula." Akamgeukia Kifungo. "Hongera, mwanangu. Umefanya kazi."

"Asante, mwalimu mkuu."

Fundi alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili. Alitaka kusema mengi. Alisema machache. "Mwalimu, macho yako yasichoke." Kisha akanyanyuka na kufunga vifungo vya koti, kwa maana wateja walikuwa wakimngoja na duka lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Mama naye akanyanyuka.

Kifungo alibaki ameketi. Alikuwa akiisoma ripoti yake, kuanzia juu.

"Mwalimu," akasema, "hapa kwenye nilipokwama umeandika kugawanya desimali."

"Ndiyo. Ulikosa maswali mawili."

"Nimekumbuka yalivyokuwa. Nilihamisha ile nukta, lakini sikujua kwa nini inahama. Nilifanya tu kama wengine." Aliinua uso. Sauti yake haikuwa ndogo tena. "Hicho sijakijua bado. Nataka nikijue kabla sijaenda la saba."

Mkuu wa shule alimtazama Mwalimu Kwa Nini. Mwalimu alivaa miwani, akavuta kipande cha karatasi safi, akakisogeza mbele ya Kifungo pamoja na penseli.

"Andika swali lenyewe," akamwambia. "Halafu uniambie unachofanya, kwa sauti."

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. Alitazama nje, upande wa dukani kwake. Akamtazama binti yake aliyeinamia karatasi. Kisha akafungua tena vifungo vya koti, akarudi, akakaa.